Namna ya Kumsaidia Mtoto wa Darasa la Pili Aliyekwama Kusoma

Mtaala wa Tanzania ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, kuwa kazi kuu ya Darasa la Kwanza na la Pili. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa Moshi anayefundisha madarasa hayo anawafahamu watoto ambao hufungua kitabu, hutamka sentensi nzima bila kusita, na kumbe hawajasoma hata neno moja, kwa kuwa wamekariri ukurasa kutokana na picha na sauti za wenzao. Kabla ya kumfundisha upya mtoto wa namna hiyo, ni lazima mwalimu ajue amekwama wapi hasa.

Andaa karatasi moja yenye mistari minne: herufi zilizochanganywa, silabi, maneno mafupi, na sentensi mbili zisizomo kitabuni. Katika mstari wa maneno ingiza mawili yasiyo na maana, kama vile «fobu» na «tiva», ambayo mtoto hawezi kuyabahatisha. Mwite kando akiwa peke yake wakati wenzake wanaandika, msikilize bila kumkatiza, na uandike alichotamka badala ya kuweka alama ya vema au kosa tu. Usimsimamishe mbele ya darasa. Mtoto aliyechekwa mara moja hujifunza kunyamaza, na ukimya huo huchukua muda mrefu kuondoka kuliko tatizo lenyewe la kusoma.

Akikwama kwenye herufi, mara nyingi anachanganya b na d, au anataja majina ya herufi mahali pa sauti zake. Anayesema «ke-i» hatafika kwenye «ki» kwa urahisi. Mfundishe sauti, herufi mbili au tatu kwa siku, akiziandika huku anazitamka.

Akikwama kwenye silabi, usimrudishe kuimba «ba, be, bi, bo, bu», kwa sababu wimbo huo anaujua na ndio unaomficha. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani, andika silabi moja kwa kila kadi, zichanganye, kisha mwache aunge maneno. Hapa kuna jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili: urefu wa neno la Kiswahili si kipimo cha ugumu wake. «Kiboriloni», jina la mahali hapa Moshi, ni neno refu, lakini kila silabi yake ni konsonanti moja na irabu moja, kwa hiyo mtoto anayejua silabi za kawaida ataliunga, na furaha yake utaiona usoni. «Mtu» ni neno fupi, lakini m yake inasimama peke yake kama silabi, na mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti hufuatwa na irabu atasema «mutu» au atanyamaza. Kwa hiyo fundisha kwa makusudi maneno kama m-to-to, m-to-ri, m-che-le na n-chi, kisha uyalinganishe na mbu-zi na ndi-zi, ambamo m na n zimeungana na konsonanti inayofuata. Yafuatie na ny, sh, ch na tofauti ya ng'ombe na ngoma, kisha irabu mbili zinazofuatana, kwa kuwa anayemeza irabu moja atasoma «kata» palipoandikwa «kataa».

Yupo pia anayetamka silabi zote sawasawa, «ka-ha-wa», lakini hajui amesoma nini. Huyu mwombe arudie neno kwa haraka, akikaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema katika mazungumzo. Mara nyingi hapo ndipo neno analolijua humjia sikioni.

Katika darasa lenye watoto wengi, na mengi yamekuwa hivyo tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wapange waliokwama katika vikundi vya watoto wanne au watano kwa hatua waliyofikia, si kwa umri, na ukae na kila kikundi dakika kumi na tano huku wengine wakinakili au wakisomeana wawili wawili. Matamshi yanayotokana na Kichaga, Kimaasai au lugha nyingine ya nyumbani usiyahesabu kuwa kosa la kusoma, iwapo mtoto ameitambua herufi. Fimbo iweke mbali kabisa na somo hili. Anayesogeza kitabu karibu mno na uso, zungumza na mzazi apelekwe kupimwa macho. KCMC, hospitali ya rufaa iliyopo Moshi, wana idara ya macho.

Kila baada ya wiki mbili mpime tena kwa karatasi ya aina ileile yenye maneno mapya, na akikwama mstari uleule, rudi hatua moja nyuma. Mzazi au bibi aombwe kumsikiliza dakika kumi kila jioni. Hata asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo, mradi mtoto akimaliza amwulize aliyetajwa ni nani, alikwenda wapi na alifanya nini, na mtoto ajibu kitabu kikiwa kimefungwa.