Kubadilisha mfuko wa stoma bila kumuumiza wala kumwaibisha mgonjwa

Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji hukutazama usoni kabla hajautazama utumbo wake uliotolewa juu ya tumbo, yaani stoma. Ukikunja pua ameshaona, na huenda ikapita wiki nzima bila yeye kukubali kuitazama stoma yake. Harufu ikikuzidi, pumua taratibu kwa mdomo na uendelee kuzungumza naye.

Andaa vyote kabla hujafungua chochote: mfuko mpya, kipimo cha stoma, kalamu, mkasi, maji ya vuguvugu, gozi au vitambaa laini, glavu jozi mbili, mfuko wa taka. Ukiacha kazi katikati ukatafute mkasi, mgonjwa anabaki wazi huku choo kikimtiririka. Vuta pazia. Kama kuna ndugu kando ya kitanda, mwulize mgonjwa kwa sauti ya chini kama angependa abaki au atoke. Ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, ibadilishwe asubuhi kabla hajala, maana wakati huo hutoa kidogo. Urostomi, yaani stoma ya kutolea mkojo, haina saa ya kupumzika. Viringisha gozi na uishikilie juu ya tundu inyonye mkojo wakati unafanya kazi.

Mwaga kilichomo, kisha anza kubandua juu ukishuka chini. Mkono mmoja ukandamize ngozi, mwingine uinue kibandiko, yaani ile sehemu yenye gundi, kidogo kidogo. Palipogoma lowesha kwa maji ya vuguvugu. Kukivuta kwa mkupuo huondoka na tabaka la ngozi.

Usikitupe bado. Kigeuze uangalie upande wa gundi. Palipovimba, palipoyeyuka au palipoingia choo ndipo panapovuja, na hapo hapo kwenye ngozi utakuta wekundu. Kama ni upande wa kitovu, mwambie mgonjwa aketi: mara nyingi utaona mkunjo ambao haukuonekana alipolala. Mkunjo huo ujazwe kwa ringi ya kuziba kabla ya kubandika kingine, la sivyo utavuja tena palepale.

Safisha kwa maji matupu. Sabuni yenye mafuta na vitambaa vyenye manukato huacha utando, gundi ikakosa kushika. Spiriti hukausha na kuchoma. Stoma yenyewe haisikii maumivu ya kuguswa, ila hutoa damu kidogo ikipanguswa. Mweleze hilo mapema asishtuke. Rangi yake iwe nyekundu au waridi, yenye unyevu kama ndani ya shavu. Ikiwa ya zambarau iliyokolea, ya kahawia au nyeusi, damu haifiki; mwite daktari wa upasuaji papo hapo. Kausha ngozi kwa kugusagusa, usisugue.

Sasa pima. Makosa mengi yako hapa. Tundu la kibandiko lizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Likiwa pana, choo hukaa juu ya ngozi, na kile cha ileostomi kina vimeng'enya vinavyoichubua kwa saa chache. Likibana, ukingo huikwaruza stoma. Katika wiki 6 hadi 8 za kwanza uvimbe hupungua na stoma hunywea, kwa hiyo kipimo cha wodini hakimfai tena akiwa nyumbani. Pima kila unapobadilisha.

Ngozi iliyochubuka nyunyizia poda ya stoma, kisha pangusa inayozidi. Ikibaki nyingi gundi haishiki. Pasta ya stoma, ile ya kujazia mianya, ikiwa na alkoholi humchoma vibaya hapo, tumia isiyo na alkoholi. Pasha kibandiko joto katikati ya viganja, bandika kuanzia chini kwenda juu, halafu mwombe mgonjwa aweke kiganja chake juu yake kwa dakika 1 au 2. Joto la mkono hulainisha gundi, naye anakuwa ameigusa stoma kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa.

Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja hadi nusu, maana uzito wake hubandua gundi. Kibandiko kwa kawaida hukaa siku 3 hadi 4, lakini akisema anawashwa au anaungua, kibadilishe saa hiyo hiyo. Usizibe mvujo kwa plasta kwa nje: choo kitabaki kimefungiwa juu ya ngozi.

Kama kuna kidonda cha upasuaji jirani, mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, ya kumeza, dakika 30 hadi 60 kabla. Mfuko usiovuja uache mahali pake, safisha na ufunge kidonda kwanza, kisha uje kwenye stoma. Ukiwa unavuja kuelekea kwenye kidonda, geuza mpangilio: dhibiti stoma kwanza, nawa mikono, vaa glavu mpya, ndipo ushughulikie kidonda. Gozi iliyogandia iloweshe kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa vuguvugu, uisubiri ilegee. Akisema "ngoja kidogo", ngoja kweli.

Ileostomi ikitoa zaidi ya mililita 1,500 kwa saa 24, mgonjwa yuko hatarini kuishiwa maji na chumvi. Mpigie daktari. Wakati unasubiri, usimjaze maji matupu, kwa kuwa huzidisha upotevu wa chumvi; mpe ORS kidogo kidogo, na uandike kila kinachoingia na kinachotoka.