Somo: Kuvuna nishati ya shimo jeusi kwa kugonganisha chembe

Wenzangu wa Kisumu, nanyi mlioko Kakamega na Nakuru, wengi mmeniuliza inawezekanaje kitu kinachomeza hata mwanga kitoe nishati. Jibu liko kwenye mzunguko wake. Shimo lisilozunguka halina cha kuvunwa. Shikeni kikokotoo cha shule, kinatosha.

Hatua ya 1: Pima akiba. Mlinganyo wa shimo linalozunguka aliupata Roy Kerr mwaka 1963. Kwa shimo lenye mzunguko wa juu kabisa, tafuta kipeuo cha pili cha 0.5. Utapata 0.707: hiyo ndiyo sehemu ya tungamo isiyoguswa kamwe. Iliyobaki, 29%, ni nishati ya mzunguko. Jua letu, kwa uhai wake wote wa kuunguza haidrojeni, haligeuzi hata 1% ya tungamo lake kuwa mwanga.

Hatua ya 2: Ifahamu egosfia. Ni eneo lililo nje tu ya ukingo wa shimo (mpaka ambao ukiuvuka hurudi), ambako anga lenyewe linaburutwa. Nzoia ikifurika kule Budalang'i, mtumbwi hausimami mahali pamoja hata upige kafi vipi. Ndani ya egosfia hata mwanga hauwezi kusimama. Lakini kutoka bado kunawezekana, na hapo ndipo pa kuvunia.

Hatua ya 3: Pasua chembe. Mwaka 1969 Roger Penrose alionyesha kwamba chembe ikigawanyika humo, kipande kimoja kinaweza kushika njia ambayo nishati yake, ikipimwa kutoka mbali, iko chini ya sifuri. Hicho kinatumbukia. Mwenzake anatoka na nishati zaidi ya ile iliyoingia. Toa 1 kwenye kipeuo cha pili cha 2, gawa kwa 2: 0.207. Yaani ukiingiza 100, unatoa 121 kwa wingi kabisa. Kikwazo ni kwamba vipande lazima viachane kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na hakuna kupasuka kwa kawaida kunakofikia hapo.

Hatua ya 4: Gonganisha. Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Piran, Shaham na Katz walilipendekeza wazo hili mwaka 1975. Mwaka 2009 Bañados, Silk na West wakaonyesha kwamba karibu na ukingo wa shimo lenye mzunguko wa juu kabisa, nishati ya mgongano inaweza kupanda bila kikomo, mradi mwendo wa chembe moja wa kulizunguka shimo uwe umepimwa sawasawa. Watu wakasisimka. Lakini mgongano mkubwa haumaanishi mavuno makubwa, kwa sababu karibu kila kinachozaliwa pale kinamezwa. Hesabu za mwaka 2012 zilitoa takribani 130% tu ya nishati iliyoingizwa.

Mwaka 2014 Jeremy Schnittman akabadilisha jambo moja: chembe moja iwe imeshageuka, inaelekea nje, ndipo igongane na inayoingia. Jumlisha 2 na kipeuo cha pili cha 3, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Karibu mara 13.9!

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hapo si tunavunja sheria ya uhifadhi wa nishati? (Kondele)*
La. Kila kinachotumbukia na nishati hasi kinapunguza tungamo la shimo na kulipunguzia mzunguko. Ziada yote imelipwa na shimo lenyewe.

*Tukivuna mpaka mwisho, shimo linaisha? (Nakuru)*
Linabaki na ile 71%, limesimama tuli. Baada ya hapo hupati kitu.

*Mbona basi tusiseme miale mirefu ya galaksi ya M87 (mikondo ya chembe inayorushwa kutoka karibu na shimo lake jeusi) inatokana na migongano hii? (Maseno)*
Swali zuri sana, mwenzangu. Migongano inataka chembe zilizolengwa kwa usahihi mno, na Kip Thorne alikokotoa mwaka 1974 kwamba shimo linalolishwa na gesi huishia kwenye 0.998 ya mzunguko wa juu, si juu kabisa kama migongano hiyo inavyotaka. Kwa miale ile, wengi hutegemea njia ya Blandford na Znajek ya mwaka 1977, ambapo sumaku ndiyo inayonyonya mzunguko. Akiba ni ileile ya hatua ya 1. Mvunaji ndiye tofauti.