SOMO: Kumwandaa mbwa kwenda bodingi (mahali unapolipia mbwa alale na atunzwe ukiwa haupo) kabla hujasafiri (na yule wa kushinda mchana tu)

Wakuu habari zenu. Kila mwaka ikifika Novemba napigiwa simu na watu wa hapa Arusha, swali lile lile, "tunaenda Moshi Krismasi, mbwa tunamwacha wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja ndo maana naandika hapa, ukiulizwa na jirani mtumie.

Nianze na kisa changu maana haya nimeyajua kwa kuumia. Mwaka wa kwanza nafuga, nina dume la kijivu limechanganyika na shepadi, anaitwa Bosi, nikampeleka bodingi asubuhi ya tarehe 23 Desemba gari imejaa mabegi na watoto wanapiga kelele nyuma. Bosi alikuwa hajawahi kuvaa kola. Hajawahi kupanda gari. Geti letu la Njiro alikuwa ametoka mara moja tu, siku anamfukuza muuza mayai. Alitapika kwenye siti kabla hatujafika Kijenge, tulipofika akagoma kushuka, nikambeba kama gunia la viazi nikamkabidhi nikaondoka mbio kuwahi Rombo. Usiku ule ule akatafuna kamba ya katani akaruka uzio. Tarehe 25 asubuhi tumekaa kihambani tunasubiri nyama, askari wa jirani ananipigia, "mzee, mbwa wako yuko hapa getini." Kakonda, kucha moja imeng'oka, kipande cha kamba bado kinaning'inia shingoni kimelowa mate. Wenye bodingi wala sikuwalaumu, mimi ndo nilimpeleka mbwa ambaye hajui chochote.

Sasa tuende.

HATUA YA 1: Afya, anza wiki sita kabla

Usianze wiki ya mwisho. Chanjo haifanyi kazi siku ile ile aliyochomwa, mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Ya kichaa cha mbwa anachomwa akifikisha miezi mitatu halafu unarudia kila mwaka, na wengi hapa tunachoma hiyo moja tukidhani tumemaliza. Kwa mbwa anayeenda kuchanganyika na wenzake hiyo peke yake haitoshi, anahitaji na ile ya mchanganyiko inayokinga distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Parvo msiichezee wakuu. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida hakisikii, na mtoto wa mbwa akikipata anatapika na kuharisha damu anaisha ndani ya siku chache. Muulize daktari wa mifugo pia kuhusu chanjo ya kikohozi cha mabandani kama anayo, kile kikohozi kinaruka mbwa hadi mbwa kama mafua ya chekechea.

Minyoo ampe dawa, kupe uwamalize kabla hajaenda. Hapa niseme kitu, kuna watu wanachukua ivermektini ya ng'ombe wanamchoma mbwa kwa kukadiria kwa macho. Acheni. Dawa ile ni kali, imepimwa kwa mnyama wa kilo mia tatu huko, na kuna mbwa wenye damu ya koli (wale wa kuchunga kondoo) na hata baadhi ya shepadi hawaiwezi kabisa, anaanza kuyumba kama mlevi, anatoka mate, anaanguka. Kalipie daktari.

HATUA YA 2: Nenda ukaone mahali mwenyewe, bila mbwa

Usichague kwa picha za Instagram. Nenda saa ya kulisha ndo utaona ukweli. Angalia uzio una urefu gani na chini umechimbiwa au umegusa tu udongo, kila mbwa ana bakuli lake la maji au wote wanakunywa beseni moja, mgonjwa wanamtenga wapi, na usiku nani analala pale. Harufu ya mkojo kidogo ni kawaida, ila ikikuchoma macho jua banda halioshwi. Kipimo changu kikubwa ni kimoja, wasipokuomba kadi ya chanjo, geuza gari. Kama hawajakuuliza wewe maana yake hawajamuuliza yeyote.

Na uulize bei inahusu nini, maana kuna wanaotaja bei ya siku bila chakula halafu unarudi unakuta bili nyingine.

HATUA YA 3: Mfundishe nyumbani kwanza

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo yenye kazi yote. Mbwa wetu wengi maisha yao ni banda mchana, kuachiwa usiku, basi. Hajui kamba, hajui gari, hajui mtu mwingine kumshika.

Anza na kola. Mvalishe wakati wa kula, atajikuna siku mbili tatu atasahau. Ipitishe vidole viwili kati ya kola na shingo, visipopita imebana, vikipita vinne ataivua. Akizoea unaning'iniza kamba anaiburuza mwenyewe uani huku unamwangalia, baadaye ndo unashika wewe. Usimvute. Akigoma simama tu umsubiri, akipiga hatua moja mpe kipande cha utumbo uliochemshwa.

Gari mimi nilifanya hivi mwaka uliofuata. Noah imepaki, injini imezimwa, mlango wazi, nikaweka bakuli lake la chakula chini karibu na tairi. Kesho yake kwenye kizingiti cha mlango. Siku ya nne ndani. Yaani Bosi alikuwa anaingiza miguu ya mbele, anakula, ya nyuma imebaki chini inatetemeka tayari kwa kukimbia, nikawa nacheka peke yangu. Siku ya saba kaingia mzima mzima. Hapo ndo nikawasha injini bila kutembea, kisha mpaka kona na kurudi, kisha mpaka dukani. Wiki tatu nzima ndio, lakini hajatapika tena mpaka leo.

Na mzoeze kushikwa na mtu mwingine. Chalii wa jirani awe anampa chakula hata mara mbili kwa wiki wewe ukiwa haupo.

HATUA YA 4: Majaribio

Mpeleke ashinde mchana mmoja umfuate jioni. Wiki inayofuata tena. Halafu alale usiku mmoja tu wewe ukiwa mjini hapa hapa, ili kukitokea kitu unafika. Kila mara akiona umerudi anajifunza kwamba pale si mahali pa kutupwa. Mbwa asiyekula mlo mmoja siku ya kwanza usishtuke, ila akimaliza siku mbili hajagusa kitu wakupigie simu, muyazungumze hayo kabla.

HATUA YA 5: Chakula

Kama anakula ugali wa dona na dagaa na pale wanalisha chakula cha dukani, ukimbadilisha ghafla ataharisha na watakwambia mbwa wako mgonjwa. Changanya kidogo kidogo kwa siku saba, au peleka dagaa zako na unga wako. Waandikie kwenye karatasi kiasi gani na saa ngapi, usiseme tu "anakula kila kitu". Kitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Krismasi wafanyakazi nao wana pilau lao na huruma nyingi, waambie wazi.

HATUA YA 6: Begi na siku yenyewe

Tranka halihitajiki haha, si fomu wani huyu. Kadi, chakula, kamba mbili (weka ya akiba, nimejifunza), namba yako na ya mtu mmoja aliyebaki mjini anayeweza kuamua hela ya matibabu ikihitajika. Na kitu chenye harufu ya nyumbani, mimi napeleka kitenge chakavu ambacho Bosi hulalia, hakifuliwi kabla ya kwenda, mke wangu analalamika lakini ndo maana yake.

Asubuhi ile mlishe kidogo au umlishe mapema, masaa matatu manne kabla ya safari, umtembeze, umpeleke. Ukifika kabidhi, ondoka. Ule msiba wa kumkumbatia getini dakika ishirini unamtia hofu tu, yeye anakusoma wewe.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Sakina: Mkuu samahani, mbwa bodingi na kuna watoto wa watu wanakosa ada? Dunia imeisha.

Jibu: Karibu kaka. Ada za watoto nimelipa, na wale vibaka waliopitia nyumba tatu za mtaa wetu kwangu hawakuingia. Huyo ni mfanyakazi anaenda likizo.

Mama wa Usa River: Kaka shikamoo, mbwa wangu jike naona kaanza kutokwa damu na tunasafiri wiki ijayo, nimpeleke?

Jibu: Marahaba dada. Hapana, au uwaambie kabisa kama wana chumba cha peke yake. Joto (kipindi cha jike kutafuta dume) linachukua kama wiki tatu, na siku mbaya zaidi mara nyingi ni pale damu inapoanza kupungua, watu wanadhani imeisha kumbe ndo anapokea dume. Ukimpeleka kimya kimya hesabu siku 63 uje utuombe majina ya watoto. Bora atafutwe mtu aje alale kwako.

Mdau: Nina kapapi ka miezi miwili, chanjo moja tu. Kuna shida?

Jibu: Kapo kadogo sana. Chanjo za mchanganyiko zinarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka afike kama wiki 16. Kabla ya hapo mwache nyumbani na mtu, usimpeleke kwenye mbwa wengi. Parvo nimeshaisema juu.

Mdau wa Ngaramtoni: Wangu ni mkali, anang'ata mgeni yeyote. Nikimpa piritoni alale njiani je? Jirani yangu anafanya hivyo.

Jibu: Usimpe dawa ya binadamu kwa ushauri wa jirani. Panadol, diklofenaki, brufeni, hivyo vyote vinaweza kumuua mbwa kwa dozi ambayo wewe unaona ndogo, na hata hiyo piritoni acha daktari apange. Ukali wake wasemee wazi wenye mahali, usione aibu, mfanyakazi anayejua atajipanga, asiyejua atang'atwa. Kifunga mdomo kiwe cha kikapu ili aweze kuhema na kunywa maji, si kufunga na kamba. Na mtu aking'atwa, hata kama mbwa ana chanjo, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaanza dalili hakuna kurudi.

Mdau: Mimi naondoka mpaka tarehe 3 Januari. Fataki za mwaka mpya je? Wangu huwa anaingia chini ya kitanda.

Jibu: Swali zuri sana na nimelisahau. Uliza kama usiku wa tarehe 31 wanawaingiza ndani mapema, kabla ya saa nne. Mbwa mwoga anavunja hata wavu. Kibao chenye namba yako ya simu kiwe shingoni, wengi wanapotea usiku ule.

Dada wa Moshi: Wangu alirudi juzi amelala siku nzima na anakunywa maji sana, nimpeleke kwa daktari?

Jibu: Kulala siku moja mbili ni kawaida, pale hakulala vizuri na wenzake wanabweka. Maji mpe kidogo kidogo. Choo laini siku moja pia usihangaike. Ila ukisikia anakohoa kikavu kama mtu aliyekwama mwiba wa samaki, na inaweza kuanza hata wiki mbili baada ya kurudi, mtenge na mbwa wengine umpigie daktari. Damu kwenye choo au kutapika mfululizo, usisubiri asubuhi.

Mdau wa Sakina: Basi mkuu nimeelewa. Mimi nina wawili. Wiki sita kutoka leo ni lini?

Jibu: Haha karibu chama. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayosafiri. Kola umeshanunua?