Kutambua pikapu ya zamani ya gitaa isiyo na jina

Pikapu ni kifaa cha sumaku na koili (waya mwembamba uliozungushwa) kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Ili kujua nani aliitengeneza, wengi hukimbilia multimita, kifaa cha kupimia umeme. Lakini kipimo hakitaji jina: koili yenye ukinzani wa 7.5 kΩ (kilo-ohm) imetengenezwa na karibu kila kiwanda. Anza na muundo, multimita ije mwishoni.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa kitu. Zionekane lehemu, rangi za nyaya na migongo ya poti (vidhibiti vya sauti na toni). Lehemu inayong'aa juu ya iliyofifia maana yake mtu amewahi kupita hapo. Poti nyingi za Marekani zina namba inayoanza na ya kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab, kisha mwaka na wiki. 1376632 ni CTS, 1966, wiki ya 32. Gitaa haliwezi kutangulia poti zake, ila poti nazo hubadilishwa.

Hatua ya 2: Soma upande wa chini. Hambaka (pikapu za koili mbili) za Gibson zilianza kutumika kwenye magitaa yake 1957, na punde zikapata stika ya "PATENT APPLIED FOR", yaani hataza imeombwa. Miaka ya mwanzo ya 1960 ikaja stika ya "PATENT NO 2,737,842", namba ambayo kwa kweli ni ya kishikio cha nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul, wala si ya pikapu. Stika ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi, kwa hiyo angalia bamba lenyewe: la Gibson ya wakati huo ni la aloi ya shaba, nikeli na zinki, halinaswi na sumaku. Jaribu ukingoni, mbali na sumaku ya pikapu. Herufi T juu ya bobini (kiunzi kinachozungushiwa waya) ni dalili ya katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea, ila imefichwa na kava. Usifumue lehemu ya kava ili tu uione; thamani hushuka papo hapo.

Hatua ya 3: Sumaku na waya. Gusa sumaku yenyewe kwa ncha mbili za multimita. Alniko (aloi ya sumaku yenye alumini, nikeli na kobalti) ni metali, hupitisha umeme, seramiki haipitishi. Kwenye Stratocaster ya zamani, gitaa la Fender, kila nguzo (kijiti kilicho chini ya uzi) ni sumaku ya alniko. Nguzo za chuma zenye kipande cha seramiki kilichogundishwa chini ni za nakala za bei nafuu. Usisukume nguzo za Fender: waya umezungushwa moja kwa moja juu yake, na ukisogeza moja unaweza kukata koili nzima.

Kama waya unaonekana, tazama rangi ya mpako wake wa kuzuia umeme. Kahawia iliyokoza hadi zambarau ni enameli ya kawaida. Rangi ya asali ni Formvar, mpako wa aina nyingine, ambayo Fender waliiacha karibu 1964.

Hatua ya 4: Pima. Weka multimita kwenye 20 kΩ na ufungue waya mmoja kutoka kwenye poti. Kwenye gitaa la pikapu mbili, ukipima kwenye tundu la jeki huku swichi ya pikapu ikiwa katikati, pikapu mbili zinazolingana zitasoma karibu nusu. Joto nalo lina lake: 7.5 kΩ kwenye nyuzi joto 20 huwa takriban 7.8 kwenye 30. Stratocaster nyingi za zamani husoma 5.5 hadi 6.5, hambaka za mwanzo za Gibson 7 hadi 9. Hambaka ikisoma 3.8, shuku koili moja imepigwa shoti. Isiposoma chochote, waya umekatika, mara nyingi pale waya mwembamba unapoungwa na ule wa kutokea. Kagua hapo kwa lenzi kabla ya kufikiria kuzungusha koili upya.