Jino likiacha kuuma ghafla usishangilie

Kuna kitu wengi tunajidanganya nacho. Jino limekutesa wiki nzima, hulali, unasukutua maji ya chumvi, unameza vidonge vya maumivu, halafu siku moja unaamka kimyaaa, haliumi tena, unasema afadhali limepona. Halijapona bana, mara nyingi mshipa wa fahamu ndani ya jino ndo umekufa, na bakteria bado wako humo humo wanashuka taratibu mpaka kwenye ncha ya mzizi, panatunga usaha, na mfupa ulioshika jino unaanza kulika. Utakuja kuona kakipele kwenye ufizi kanapasuka kanapotea kanarudi, au unatafuna mkate tu jino linakatika kipande, ndo unaambiwa hili ni la kung'oa.

Kitundu kwenye jino hakijizibi chenyewe, hilo halina mjadala. Ila kikiwa kidogo, yaani ukinywa kitu baridi unasikia mshtuko unaoisha hapo hapo, kuziba tu mara nyingi kunatosha. Maumivu yakianza kuja yenyewe usiku ujue uozo umeshafika kwenye mshipa, hapo ni kusafisha ndani ya mzizi (root canal) na jino bado linaweza kuokolewa.

Chukua kioo na tochi ya simu ujiangalie leo. Doa jeupe kama chaki karibu na ufizi linaweza kuwa ndo mwanzo, dawa ya meno yenye floraidi inaweza kulirudisha nyuma. Ukiona shimo, daktari wa meno wiki hii hii. Na uso ukivimba na homa juu, usisubiri kesho.