Ukiombwa shairi la hafla, uliza kwanza

Watu wakija steshenari kwangu, hapa jirani na Soko Kuu la Arusha, kuchapa kadi za harusi au ratiba ya mahafali, huwa wananiongezea ombi wakiwa tayari mlangoni: "Mama, tutungie na kashairi." Ukishajulikana mtaani kwamba unajua vina, jiandae. Nami nakueleza ninavyofanya.

Usishike kalamu bado. Uliza nani anaagwa, nani atasoma, kipaza sauti kipo, na jambo gani halitakiwi kutajwa. Mshairi Mwingereza Wordsworth alipoombwa mwaka 1843 awe mshairi rasmi wa Malkia wa Uingereza, alikuwa amevuka miaka 70 na alikataa. Alikubali tu baada ya Waziri Mkuu Peel kumhakikishia kwamba hatadaiwa shairi lolote. Wewe bahati hiyo huna, mwenye shughuli anataka beti zake Jumamosi, lakini masharti yajulikane mapema.

Kisha tafuta kitu kimoja cha kushikika. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tunamwaga sifa: mpole, mchapakazi, nguzo ya familia. Sifa hizo zinamfaa yeyote. Colley Cibber alishika cheo hicho cha mshairi rasmi Uingereza kuanzia 1730 hadi 1757, na kila mwaka alitakiwa atoe shairi la mwaka mpya na la siku ya kuzaliwa ya mfalme. Mshairi mwenzake, Pope, alimfanya kichekesho, na leo nani anazisoma sifa zile? Lakini Tennyson, mwenye cheo kilekile, mwaka 1854 alisoma gazetini habari za askari wa farasi waliotumwa kwenye mizinga ya Warusi kwa amri iliyokosewa. Akawatungia askari, na kosa lenyewe akalitaja. Shairi hilo bado linakaririwa.

Walipokuja walimu wawili kutaka shairi la kumuaga mpishi wa shule, walinieleza utu wake mpaka chai ikapoa. Nikawauliza: alikuwa anapika nini? Makande. Basi:

Makande yako jikoni, harufu ilitufika,
Tukiwemo darasani, hesabu zikachafuka,
Mwalimu naye jamani, saa yake kaishika,
Leo mama kulikoni, mwiko chini umeweka?

Hesabu kwa vidole: mizani, yaani silabi, 8 na 8, kina cha kati *ni*, cha mwisho *ka*. Angalia herufi *m* inayosimama peke yake: *mpishi* ni mizani 3, m-pi-shi, wakati *mwiko* ni 2 tu. Wanaochanganya hapo ndio wanaokwama mbele za watu, maana msomaji anajikuta amemaliza pumzi kabla ya mstari. Ukitaka kanuni kamili, zimo katika kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha 1954. Ndiye huyo ambaye uwanja wetu wa mpira una jina lake. Vijana wengi wanaoingia pale kushangilia hawajui kwamba alikuwa mshairi.

Ukumbi ukiwa na kelele, achana na shairi la msomaji mmoja. Tunga ngonjera, wawili wabishane. Mshairi Mathias Mnyampala ndiye aliyeikuza hiyo, na ilivuma sana baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipowaita washairi mwaka 1968 na kuwaomba wapeleke siasa ya ujamaa kwa wananchi. Kwa mahafali, mpe mmoja upande wa anayehitimu, mwingine wa mzazi anayeuliza ada yake imeleta nini. Watu watanyamaza wenyewe. Mimi binafsi ngonjera za siasa nyingi zinanichosha, mbishi mmoja anashindwa kabla hajafungua mdomo. Mpe kila upande hoja ya kweli.

Beti nne zinatosha harusini, sita kwa kustaafu. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, kisha mpe atakayesoma karatasi yenye maandishi makubwa, siyo simu.

Na malipo. Dryden aliteuliwa kuwa mshairi rasmi na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1668, mshahara ukiandamana na pipa la mvinyo, na bado alikuwa anadai malimbikizo. Kama ikulu ilichelewesha, kamati ya harusi je? Mimi nachukua nusu siku ya kuagiza, nusu nyingine kabla sijatoa karatasi kwenye printa.