Kabla hujaelekeza dishi kubwa angani: mambo ya kuzingatia

Dishi la darubini ya redio, linalopokea mawimbi ya redio kutoka angani, la Effelsberg, Ujerumani, lina kipenyo cha mita 100 na uzito wa tani 3,200. Kwenye masafa ya gigahezi 22 linaona kipande cha anga chenye upana wa sekunde 40 hivi za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Shabaha isipotee zaidi ya sehemu ya kumi ya hapo: sekunde 4. Mzigo wote ule wa chuma, sekunde 4! Kwa hiyo usije na pupa.

Saa kwanza. Saa yako ikikosea sekunde moja, Dunia imeshazunguka sekunde 15 za pembe.

Kagua vipimo vya hali ya hewa. Hewa hupinda mawimbi, na programu hurekebisha kwa kusoma joto, mgandamizo na unyevu. Kipima unyevu kikiganda, rekebisho ni uongo mtupu. Toka nje ujionee.

Kipokezi kimebadilishwa? Hakikisha rekebisho lake limeingizwa. Upepo mkali? Hamia masafa ya chini, au kanywe chai.

Sasa jua. Hili lilinitia aibu. Aprili moja nilikuwa zamu ya usiku, kwenye dishi ambalo silitaji, nikifuatilia maseri za maji, yaani mawimbi makali ya redio yanayotoka kwenye molekuli za maji, kwenye wingu la gesi liitwalo W49. Saa nane usiku nilipitisha dishi juu ya kwasa jirani (kiini king'aacho cha galaksi ya mbali, kinachoonekana kama nukta), kushoto kulia, juu chini, kama msalaba. Kwenye grafu, kichuguu cha ishara kikakaa katikati kabisa. Nikaridhika, sikurudia tena. Jua likachomoza saa kumi na mbili na nusu. Kufika saa mbili asubuhi ishara ilikuwa imeshuka kwa theluthi. Maseri hubadilika, kila mtu anajua, basi nikamwandikia msimamizi wangu kwa furaha kwamba imefifia. Akajibu swali moja: "Umelenga upya saa ngapi?" Nikarudi kwenye kwasa. Kichuguu kilikuwa kimesogea sekunde 15 pembeni.

Wala hakuna uchawi. Chuma hutanuka mikromita 12 hivi kwa kila mita, kwa kila digrii ya joto. Nguzo ya mita 50 ikiwa na digrii moja zaidi ya mwenzake ya upande wa kivuli, inarefuka milimita 0.6. Zikiwa zimeachana mita 50, tayari dishi limeinama sekunde mbili na nusu, na jua la asubuhi haliishii digrii moja.

Basi usiku lenga upya kila saa. Jua likichomoza au likizama, kila nusu saa, kwa kwasa iliyo karibu na unachokitazama, si ile unayoipenda kwa sababu inang'aa. Andika kila rekebisho daftarini pamoja na saa. Theluji ikianguka, uliza kama dishi limeinamishwa kumwaga theluji. Ukimpokea mwenzako zamu, usichukue namba zake hivi hivi, hata akikuapia. Na kabla hujamwandikia msimamizi chochote, pitisha msalaba mmoja zaidi.